Kupuliza Mbele ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mkutano wa mtaa. Nimeng'ara! Nimesimama mbele ya wajumbe wote, nikatoa hoja: trafiki waje na kile kidude cha kupuliza, wakae pale njia panda yetu, wapime madereva walevi. Nikasema ulevi barabarani ni kosa kwa serikali na ni dhambi kwa Mungu. Makofi. Mama mmoja wa nyuma kapiga hadi kigelegele.

Sasa niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nilikuwa namlenga Yeremia. Ni mjumbe mwenzangu, ana Noah, na kila jioni Noah hiyo utaikuta imeegeshwa baa ya pale kona. Tena ni shemeji yangu, mtoto wa ukoo wa mama mkwe wangu wa Mgeta, kule mlimani, na anautaka mzigo wangu. Mzigo ndiyo maisha yangu. Kabichi na njegere za shamba la mama mkwe, nazishusha mjini na kirikuu yangu, ka-pikapu kadogo kasikodai mafuta mengi, nauza sokoni, tunakula. Shamba si langu. Kwao mali inafuata upande wa mama, mimi ni mkwe tu, napewa mzigo kwa hisani. Na Yeremia amekuwa akimnong'oneza mama kwamba Noah ikitolewa viti inabeba zaidi. Haya. Akipulizishwa akanyang'anywa leseni, ataendesha viti?

Jambo moja dogo. Bi Glory, mtendaji wetu wa mtaa, alisema kitu mwishoni wakati watu bado wananipa mikono. Nikaitikia ndiyo. Nadhani alikuwa ananipongeza.

Jumanne, 3 Juni

Hakuwa ananipongeza. Kabandika tangazo mlangoni pa ofisi ya mtaa. Trafiki watakuja Jumamosi, sikukuu ya Idi, na wa kwanza kupuliza mbele ya wananchi, ili awe mfano, ni mtoa hoja. Jina langu lipo pale kwa herufi kubwa. BENEDIKTO.

Mwanzoni sikujali. Pombe sijaonja tangu kipaimara. Nikaenda dukani kwa Harshad kununua betri za redio, nimenyooka kama diwani. Harshad kazaliwa hapahapa Mwembesongo, duka ni la baba yake, anajua nani anakula nini mtaa mzima. Akaniuliza taratibu, huku anapanga sabuni:

"Baba Erick, na ile togwa ya mkwe wako je?"

Nikacheka. Nikamwambia togwa ni uji na kimea, wanakunywa watoto, wanakunywa wagonjwa, wanakunywa hata masista. Akasema sawa kabisa, togwa changa haina neno. Ila juzi nilimsimulia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba kifuniko cha dumu kiliruka kikagonga dari. Sasa uji gani huo, kauliza, unaorusha kifuniko?

Nimerudi nyumbani bila betri.

Dumu lipo jikoni. Nimeliinamia, nikatega sikio. Linanong'ona. Tssss. Na mimi asubuhi nilikunywa bilauri nzima, kama kila asubuhi, kisha nikakaa nyuma ya usukani. Leseni ikienda, kirikuu inalala. Kirikuu ikilala, mzigo ni wa Yeremia. Bwana utuhurumie.

Jumatano, 4 Juni

Mgeta, kupakia. Mama mkwe kanipokea kama kawaida, kata ya togwa mkononi. Mkwe hakatai kata. Kukataa kata ya mama mkwe ni sawa na kumwambia nyumba yake chafu. Hata hivyo nimejaribu. Nilisema tumbo linanisumbua. Kasema togwa ndiyo dawa yake. Nikasema nimefunga. Kauliza nimefunga nini, Kwaresima si ilishapita. Nikanywa. Alisimama palepale anaangalia koo langu linavyopanda na kushuka.

Kurudi, hofu tupu. Zile kona za kushuka, korongo upande mmoja, mimi najichunguza. Nimelewa? Mlevi anajuaje kama kalewa? Nikaamua kujipima kwa rozari. Nimefika tendo la tatu ndipo nikashtuka: nasali Matendo ya Mwanga, na leo ni Jumatano, siku ya Utukufu! Nikasimamisha gari. Nimekaa pembeni ya barabara mpaka jasho likakauka, malori ya mboga yananipita yakipiga honi.

Sokoni nimefika wanunuzi wa Dar wameshaondoka. Winfrida, mke wangu, kauliza kulikoni. Nimemwambia pancha. Sasa nina ulevi na uongo.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango: kuiua hoja kabla haijaniua.

Nimekwenda kwa Bi Glory. Ni binti tu, lika la Erick wangu, kaniamkia shikamoo vizuri na kunivutia kiti. Nikamwambia nimewaza upya. Njia panda yetu ina vumbi, kidude kinaweza kuharibika. Kasema aliwauliza trafiki, vumbi wanalizoea. Nikasema basi waanze na mtaa wa pili, sisi huku ni wastaarabu. Akaandika. Nikasema Idi ni siku ya ndugu zetu Waislamu, si vema kuwasumbua. Hapo akaacha kuandika. Kasema, kwa heshima zote, kwenye kipimo cha pombe ndugu zetu Waislamu ndio watakaopita bila wasiwasi kuliko wote, mheshimiwa.

Kisha akasema mtoa hoja anaruhusiwa kuiondoa hoja yake, alimradi asimame mkutanoni aeleze sababu.

Nikawaza sababu. Nikaaga.

Nje nimemkuta Yeremia kwenye benchi, kakunja nne. Kanisalimia vizuri mno. Halafu kasema, "Shemeji, Jumamosi usije ukaugua. Nimemwalika mpaka mama mkubwa, ashuke aone mkwe wake anavyopuliza."

Mama mkubwa wake ndiye mama mkwe wangu!

Ijumaa, 6 Juni

Togwa sigusi. Maji na maziwa tu. Nimetafuna karafuu mpaka ulimi umekufa ganzi. Nikatafuna tangawizi juu ya karafuu. Nikatafuta puto lililobaki kwenye sherehe ya wajukuu, nikalipuliza, nikampa Winfrida anuse hewa yake. Kasema inanuka puto.

Mchana nikajilaza, nikajifunika blanketi, nikamwambia nahisi malaria inakuja, Jumamosi sidhani kama nitaweza. Kanishika paji la uso. Kasema pole. Kasema basi atamwambia Yeremia ajiandae, Jumatatu apande Mgeta na Noah yake abebe kabichi.

Malaria imeondoka.

Jumamosi, 7 Juni. Idi.

Asubuhi mama mkwe kashuka kutoka kwenye Noah ya Yeremia. Viti vya nyuma havimo. Nimeona kwa macho yangu. Mama kavaa khanga mpya, kabeba dumu, na kata ameifunga kwenye kitambaa, ameitoa mlimani kabisa. Hata hajaketi, akamimina.

"Kunywa, mkwe. Ya leo kali."

Kali! Kasema mwenyewe. Nikaomba ninywe baadaye, nikitoka kule. Uso wake ukabadilika, akamtazama Winfrida, Winfrida akanitazama mimi, Yeremia akatazama dari. Nikanywa. Akajaza tena. Nikanywa na hiyo. Nikamwomba Mtakatifu Benedikto, somo wangu, aliyetiliwa sumu kwenye divai na kikombe kikapasuka. Kata haikupasuka.

Njia panda, watu wamejaa kama harusini. Nguo mpya, watoto na aiskrimu. Harshad kafunga mlango mmoja wa duka ili aangalie kupitia mwingine. Afande ni mama mrefu mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. Gari langu likaelekezwa pembeni. Nikaomba kwa unyenyekevu kwamba shemeji yangu atangulie, kwa heshima ya ukoo. Yeremia kasema hewala.

Nikajua sasa. Huyu na baa yake. Angalau tutazama wawili.

Kapuliza. Afande kasoma: sifuri. Safi kabisa, baba, endelea na sikukuu.

Nikamwuliza Harshad imekuwaje. Harshad kashangaa. Kwani sijui kwamba mke wa Yeremia anakaanga samaki pale baa? Jioni anakwenda kumchukua na beseni lake. Anakunywa soda akisubiri. Mtaa mzima unajua. Isipokuwa mtoa hoja.

Ikafika zamu yangu. Mrija mpya, ndani ya kikaratasi. Afande kauchomeka, kaniwekea kidude mbele ya mdomo. Mama mkwe yuko mstari wa mbele, ameweka mkono kifuani. Nikavuta pumzi. Kabla sijapuliza, kidude kikalia: pii.

Nimekwisha, nikawaza. Kimenisikia nikipumua tu! Maneno yakatoka yenyewe, tena kwa sauti ya mkutanoni.

"Afande, mimi si mlevi. Ni pombe ya mama mkwe wangu. Ananilazimisha."

Hata watoto waliacha kulamba.

Afande akainama karibu yangu. "Baba," kasema, "hujapuliza bado. Hiyo ni sauti ya kuwaka."

Nikapuliza. Sifuri.

Watu walicheka mpaka mwingine akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Alikuja mpaka dirishani. Kasema togwa ile kaipika jana, kaitia kimea kipya, haijalala ikachacha hata kidogo, kwa sababu aliambiwa mkwe wake ana siku kubwa. "Nilisema kali kama wanavyosema wajukuu," kasema. "Yaani nzuri."

Kisha akatembea taratibu, akapanda Noah.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste.

Padre kahubiri juu ya ndimi za moto. Nilijua ananisema.

Winfrida hasemi na mimi, anasema na masufuria. Kayaambia kuna watu wakipewa chakula wanaita sumu, wakipewa kinywaji wanaita pombe, na mama mzazi wa mtu anaitwa mpika gongo mbele ya afande siku ya Idi. Nilitaka kusema gongo sikulitaja.

Mama karudi mlimani na Yeremia. Ujumbe umekuja kwa simu ya Winfrida: kesho mzigo asihangaike mtu na kirikuu. Noah ipo.

Nimeosha kirikuu. Nimeipaki chini ya mwarobaini. Nimekaa ndani yake, bila kwenda popote.

Jumatatu, 9 Juni

Ukimkosea mama mkwe huendi mwenyewe. Unatafuta mtu wa upande wake akakusemee. Hapa mjini upande wake una mtu mmoja.

Nimemfuata Yeremia palepale baa. Alikuwa na soda yake. Nikaanza hotuba niliyoiandaa, nikakwama kwenye neno shemeji. Hakuniacha niteseke. Kasema atanisemea, leoleo, anapanda kupakia. Sharti? Hana sharti. Mke wake kanifungia samaki wa kupeleka nyumbani.

Wema huu umenichoma kuliko kama angenizomea. Samaki lakini mtamu.

Jumatano, 11 Juni

Nimepanda Mgeta kwa wito. Wazee wa ukoo wamekaa, mama mkwe katikati. Niliogopa kuliko nilivyomwogopa afande. Kwa afande ningepoteza leseni, hapa ningepoteza shamba, na pengine Winfrida juu yake. Mama kamimina kata. Kaniuliza mbele ya wote, hiki ni nini, mkwe?

"Togwa, mama."

Kauliza tena. Nikajibu tena. Nikanywa mpaka chini. Ilikuwa tamu, sisemi uongo, kama siku ya kwanza niliyokuja kuchumbia.

Kasamehe. Ila kagawa mzigo. Kabichi ni za Yeremia na Noah yake. Mimi nibaki na njegere, mpaka msimu ujao, aone kama ulimi umepoa. Na ile iliyolala kwenye madumu, kasema, asinywe mtu anayeshika usukani, siku hizi serikali inapuliza watu.

Nimeshukuru kwa kupiga magoti. Njegere ni nyepesi. Zimeingia zote kwenye kirikuu, ikajaa nusu tu.

Winfrida amesema na mimi kwa mara ya kwanza. Kasema nishukuru Mungu, niache fitina, nisiwachimbie watu mashimo kwenye mikutano. Nimemwambia kweli kabisa, mke wangu, nimejifunza. Nimesali rozari yote nikimwombea Yeremia mema. Kwa mpangilio sahihi.

Ijumaa, 13 Juni. Mtakatifu Antoni.

Amani moyoni. Leo nimepishana na Noah ya Yeremia ikishuka na kabichi zangu, yaani zake. Nikampungia mkono kwa upendo. Akanipungia. Ilipopita nikaona taa ya nyuma ya kushoto haiwaki.

Nimeitafakari sana taa hiyo. Si fitina hii, ni usalama wa raia. Mtu anaweza kumgonga kwa nyuma, tena na kabichi za mama. Nimepita kwa Bi Glory na kumwomba aniwekee nafasi kwenye mkutano ujao. Hoja yangu: trafiki waje wakague taa na breki za magari yote ya mtaa, bila kumwonea mtu haya.

Breki za kirikuu zinalia kidogo, lakini ni kwenye kona za Mgeta tu. Huku chini ni kimya kabisa.