Kona ya Tatu na Kandambili ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Fundi ana pikipiki moja ya mashindano ya vumbi na waendeshaji wawili: mimi na binamu yangu, tunayemwita Taratibu. Jumapili atashindana mmoja. Fundi ataamua Ijumaa. Namwonea huruma binamu! Akiona kona, anapunguza mwendo kabla hajaifikia. Mimi naingia mzimamzima. Mama mkwe, anayesema binti yake ameolewa na mdomo mtupu, nimeshamwalika Jumapili. Aje na kiti chake.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi. Kona ya tatu, changarawe tupu. Pikipiki imelala vizuri kabisa, nikaikaba breki ya mbele. Gurudumu likateleza, nikala vumbi. Fundi akaja mbio, akanipita, akaenda kuipa pole pikipiki. Kisha akanieleza kwamba breki hubinywa kwa vidole viwili pikipiki ikiwa bado wima, halafu huachiwa polepole unapoingia kona. Ukiikaba ikiwa imelala, inakutupa. Taratibu akaitikia kwa kichwa. Kujipendekeza tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa! Adui si kona, ni breki. Nimekata kipande cha kandambili nikakichomeka kati ya mkono wa breki ya mbele na usukani. Sasa haikabiki hata nikiingiwa na woga. Mke wangu anatafuta kandambili yake ya kushoto. Namsaidia kutafuta.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya majaribio. Nilisisitiza nianze mimi. Kona ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu sikuikata kabisa, nilinyoosha hadi kwenye uzio wa jirani. Mkono wa kulia umeteguka. Fundi alichomoa kile kipande. Mke wangu, aliyekuja kutazama, akakitambua. Hakuuliza kama naumia. Taratibu kachaguliwa bila hata kupanda. Imeniuma!

Jumapili, 9 Machi
Taratibu kashinda. Kabahatisha. Mama mkwe alikaa upande wake, kiti na yote. Lakini fundi alinipa kazi nzito: nisimame kona ya tatu na bendera na bendeji yangu, ili waendeshaji wakiniona wakumbuke. Na kweli! Kila aliyeniona alibinya breki mapema. Heshima iliyoje!

Nimemwambia mama mkwe arudi na kiti mwezi ujao. Breki ya mbele iko mkono wa kulia, na wa kulia una bendeji, kwa hiyo sitaikaba hata nikitaka. Kweli, mafuta nayo huvutwa kwa mkono huohuo. Hilo halinitishi. Imebaki kandambili ya kulia.