Mablanketi Sitini na Daraja Moja

Jumatatu, 4 Machi

Kesho safari. Tunakwenda kujitolea kambini, kwa watu waliohamishwa na mafuriko. Magari mawili: langu na la shemeji, kaka wa mke wangu, aliyestaafu posta. Yeye kabeba masufuria. Mimi nina mablanketi sitini. Muuguzi wa kambi amempigia simu mke wangu, mkunga wa miaka thelathini. Wapo watoto wachanga kumi na mmoja, wanalalia magunia, na baridi ya huko haina adabu. Mablanketi yasipite Jumatano. Nikasema yatafika kesho.

Jambo dogo la pili. Kizibao cha njano cha mkuu wa msafara ni kimoja tu. Atakayetangulia kufika ndiye atakayekivaa. Kanuni hiyo nimeitunga mimi. Shemeji hajaipinga, kwa kuwa sijamwambia.

Shemeji anafuata simu. Simu ikisema pinda kushoto, anapinda. Mtu mzima! Mimi nilifundisha jiografia miaka thelathini na minne. Nimepekua sanduku la karatasi za shule, nikapata ramani safi, mkono wangu mwenyewe, ncha ya juu imeliwa na mchwa. Ina mto, kilima, na daraja linalokata safari nusu. Simu ya shemeji hailijui daraja hilo. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kama nimemeza dawa.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji alitaka tufuatane. Nikamwambia atangulie, natia matairi upepo. Alipopotea machoni, nikaiacha lami.

Nieleze kidogo usomaji wa ramani. Kwanza unaielekeza kaskazini. Pili unatafuta kitu kisichohama, mfano kilima. Nilitafuta kilima. Hakipo. Mahali pake pana kiwanda cha matofali. Nadhani wamekimaliza kwa kufyatulia matofali.

Mto nao ulipaswa kuwa kulia. Kulia kulikuwa na shule. Ajabu.

Nikamuuliza fundi baiskeli daraja liko wapi. Akaitazama ramani, akaipindua juu chini, akasema amezaliwa hapa na hajapata kuona daraja. Nikamweleza kwa upole kwamba kuzaliwa mahali si sawa na kupajua. Hakuniaga.

Tumelala nyumba ya wageni. Mke wangu anasema kuuliza si ujinga. Kweli, lakini inategemea unamuuliza nani.

Jumatano, 6 Machi

Njia panda yenye njia tano. Ramani inazo tatu. Nikachagua ya katikati, kama wastani. Wastani umetufikisha kwenye zizi la ng'ombe. Mwenye zizi ni mtu mpole. Anasema sisi ndio wa kwanza kufika hapo kwa gari.

Muuguzi akapiga tena. Jana mama mmoja amemfunika mwanawe kwa nguo aliyovaa, akakesha anatetemeka. Mke wangu akanyamaza. Mke wangu akinyamaza, mimi huanza kueleza. Nikaeleza. Akanipokonya ramani, akaigeuza nyuma, akasoma kwa sauti.

"Swali la tatu. Tumia ramani ya nchi hii ya kubuni. Ungekuwa mkuu wa wilaya, ungejenga wapi daraja la pili? Toa sababu mbili."

Nikatazama mwandiko. Wangu. Darasa la saba, muhula wa pili. Hakuna aliyelipata swali lile, nakumbuka.

"Mwalimu," akasema, "daraja hili ulilichora wewe."

Nikamwambia ndiyo sababu nililiamini.

Akampigia kaka yake. Kumbe shemeji alikwishafika tangu jana! Amerudi saa mbili nzima kutufuata. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Wakahamishia mablanketi kwake. Mke wangu naye akahamia.

"Shemeji, nifuate tu," kaka yake akaniambia. "Usiangalie kulia wala kushoto. Angalia namba ya gari langu."

Alhamisi, 7 Machi

Nimefika saa nane mchana. Namba niliiangalia vizuri, mpaka kilima kikatokea. Kilima! Upande wa kulia, kilipostahili. Mwalimu wa jiografia hawezi kukipita hivi hivi. Lilikuwa jalala.

Mablanketi yalifika jana. Nimewaona watoto, wote kumi na mmoja, wamefungwa vizuri kama vifurushi. Shemeji ndiye aliyewafunga, posta haijamtoka. Muuguzi akanishukuru. Nikasema niliona busara kuugawa msafara mara mbili. Mke wangu akakohoa.

Kizibao hakukivaa shemeji. Amekivaa mke wangu. Kambi nzima inamwita mkuu. Sielewi kura ilipigwa lini.

Mimi nimepewa watoto wakubwa, niwafundishe chini ya turubai.

Jumamosi, 9 Machi

Jana nimewapa mtihani. Swali la tatu, ramani ile ile. Msichana mmoja ameandika hivi: "Nisingejenga daraja. Ningehamisha watu kwanza. Sababu ya kwanza, mto ukija hauulizi daraja liko wapi. Sababu ya pili, sisi tulikuwa darajani."

Nimempa alama zote. Ni wa kwanza tangu nilitunge swali hilo.

Kesho tunarudi. Mke wangu atapanda gari la shemeji, na amenisihi niwafuate nyuma. Nimekubali. Ila nimeisahihisha ramani. Daraja nimelifuta, kwa ushauri wa yule msichana. Nimeongeza kiwanda cha matofali, zizi na jalala, vitu nilivyoviona kwa macho yangu. Sasa haina kasoro. Kati ya zizi na jalala pamebaki nafasi nyeupe, na nafasi kubwa namna ile haiwezi kukosa njia. Nimeichora kwa nukta.

Shemeji ataondoka saa mbili. Mimi nitaondoka saa moja na nusu.