Kuhusu Buibui wa Ukutani Anayeniharibia Watoto

Goma, Murara, Jumatano asubuhi

Kwa Papa Dieudonné, Chef wa avenue yetu

Papa Chef,

Nakuandikia kwa heshima yote anayostahili mtu mwenye muhuri wa mtaa. Mimi ni Mama Léocadie Kaswera, mjane wa marehemu Sikuli, wa nyumba ya mlango wa bluu karibu na bomba la maji. Unanijua kwa vitambaa vya kroshe. Kama viti vya sebuleni kwako vimevaa vitambaa vyeupe vyenye maua, ujue vimetoka mikononi mwangu. Sijawahi kukusumbua. Hata mwaka ule jirani alipojenga choo kikaegemea ukuta wangu, nilinyamaza. Lakini safari hii yamenifika hapa, na nikisema hapa nimeshika shingo.

Mshitakiwa ni buibui. Ni wa kike, rangi ya kahawia iliyokolea, tumboni ana madoa ya njano iliyofifia, na akinyoosha miguu anatosha kifuniko cha chupa ya soda. Anakaa kwenye tundu la ukuta wangu wa mawe ya volkano, upande wa jikoni. Kuta zetu unazijua, Papa Chef: mawe meusi yaliyopangwa na waume zetu kwa saruji kidogo na majivuno mengi, hata matundu yakawa mengi kuliko mawe. Naomba afukuzwe kabla ya Jumapili. Sababu zangu ni hizi.

1. Alihamia bila kujulisha mtu. Kila mpangaji anayeingia kwenye avenue yetu anapita kwa Mama wa nyumba kumi, anaandikwa jina, anasema ametoka wapi na wako wangapi. Huyu nilimkuta amekwisha kufungua mlango na kutandika nyuzi pande zote. Nilipomsalimu alirudi ndani. Nimemwita mara tatu mbele ya shahidi, binti yangu Charline, na mara zote tatu hakutoka.

2. Ananinyang'anya kazi. Mimi kroshe nilifundishwa na masista kule Butembo, miaka minne, na vidole vyangu bado vinakumbuka rula yao. Huyu hana hata sindano. Charline, anayesoma biolojia chuo kikuu, ananiambia kwamba mguu wake wa nyuma una kichana cha vinyweleo, na kwa kichana hicho anachambua uzi unaotoka tumboni mpaka unakuwa mwororo kama sufi. Gundi hakuna hata tone. Mdudu akikanyaga tu, kucha zake zinanasa kwenye ile sufi na habari yake imekwisha. Tena uzi ukiwa mpya una rangi ya bluu. Bluu, Papa Chef! Bluu hiyo nimeitafuta sokoni tangu Pasaka sijaipata.

Basi wiki iliyopita Mama Valérie, anayeozesha binti yake, alikuja kuangalia vitambaa alivyoniagiza. Akapita jikoni, akasimama mbele ya ukuta, kisha akasema: "Léocadie, modèle nilikuwa natafuta ni hii." Kidole chake kilikuwa kinamwonyesha buibui. Na usidhani kazi yenyewe ni safi. Utando ukichanika, hafumui aanze upya. Anaongeza nyuzi mpya juu ya zile kuukuu, kiraka juu ya kiraka, fujo ambayo masista wangenilaza njaa kwa sababu yake. Na bado ndiye anayesifiwa, mimi naambiwa nimwige.

3. Anapokea simu zangu. Nikiiweka simu juu ya ukuta na ikatetemeka, anatoka mbio akidhani nzi amenaswa. Juzi shangazi alipiga kutoka Beni kunipa habari ya msiba, buibui akafika kabla yangu, akaizunguka simu, akaipapasa kwa miguu ya mbele. Ilinibidi nimsubiri amalize.

4. Anapokea wanaume. Mwanaume wake alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na kabla ya kumpata alizunguka nyumba yangu wiki nzima, mpaka ndani ya beseni la vyombo. Alipofika kwenye utando hakuingia. Alisimama pembeni akatikisa nyuzi, akangoja jibu, akatikisa tena. Nakiri kwamba adabu hiyo sijaiona kwa kijana hata mmoja anayemfuata Charline. Wao wanapiga honi ya pikipiki barabarani mpaka mbwa wa avenue nzima waitikie. Lakini alipokwisha kukubaliwa alijiendea zake. Posa hakuna, mbuzi hakuna, hakuna hata baba mdogo mmoja aliyeketi kuzungumza. Naomba hilo nalo liandikwe.

5. Sasa nafika kwenye lile lililonifanya ninunue karatasi ya kuandikia. Kwetu Wanande mwanamke akijifungua analishwa. Nao wakwe zangu wa milima ya Masisi wanafanya hivyohivyo, sijasikia kabila linalobishana juu ya hilo. Mkwe wangu Donatille alipojifungua mwaka jana, nilimlisha miezi miwili: uji wa mtama asubuhi, supu ya mbuzi mchana, ndizi jioni, na hakuruhusiwa kuinua hata birika. Majirani walipishana mlangoni na masufuria. Hivyo ndivyo dunia ilivyopangwa: mzazi anakula.

Buibui huyu amepindua yote. Alijifungia kwenye tundu na mayai yake, majuma kadhaa, hakuja mtu na hata kikombe cha chai. Watoto wakatoka. Charline alihesabu mpaka sitini akachanganyikiwa. Siku chache baadaye mama akataga mayai mengine, na hayo, kumbe, si ya kuzaa watoto, ni chakula. Watoto wakayala yote. Nikasema sawa, hiyo ni kama mama kupika, hakuna ubaya. Ndipo Jumapili, tumeketi mezani mbele ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, Charline akatueleza kinachofuata.

"Kisha anabaita," alisema. "Anapiga-piga miguu ku uzi, batoto banakuja, banapanda juu yake, banamukula. Hakimbie hata."

Achille, kifungua mimba wangu, anayekaa kwangu pamoja na Donatille na mjukuu wangu, akaweka tonge chini. Akanitazama.

"Mama, unasikia? Ule ndiye muzazi! Ye anatoa mwili muzima. Weye parcelle tu, kila siku unasema utawaza."

Wote wakacheka mpaka Donatille akapaliwa. Mimi sikucheka. Papa Chef, hiyo parcelle, kiwanja hiki, ndicho kitu pekee nilichoachiwa na marehemu. Hati yake iko kwenye sanduku, nimeifunga kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe. Na Jumapili hii, baada ya misa, kuna kikao cha familia. Baba mdogo wa watoto anashuka kutoka Butembo, na jambo ni moja tu: kiwanja kiandikwe jina la nani. Sasa fikiria siku hiyo ndugu wote wamekaa uani, na pale ukutani, mbele ya macho yao, yule mwanamke anaendelea kuliwa kwa furaha. Mimi nitasimama niseme nini? Nitaonekana mama mchoyo kuliko wote Murara, na nitakuwa nimeshindwa na kitu kisichokuwa hata na jina la ubatizo.

6. Kwamba mimi na yeye hatufanani kabisa, na ushahidi ninao. Achille alipooa nilimpa chumba kikubwa, kwa sababu vijana wanahitaji hewa. Mtoto alipozaliwa nikampa Donatille kitanda changu, kwa kuwa godoro langu lilikuwa zuri zaidi. Charline alipoingia chuo niliuza cherehani, maana nilikuwa nimeichoka ile kelele. Nyama nawaachia wao, mimi tangu zamani napenda mchuzi. Sasa nalala kwenye chumba cha makaa, na ni chumba kizuri sana, kikavu, mtu unaamka umependeza kwa weusi. Utaona mwenyewe kwamba kati yangu na yule mdudu hakuna hata pa kulinganisha. Tena yeye anawaita. Mimi sijamwita mtu.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu:

a) Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, wengine wakifagia mitaro, wewe mwenyewe uje kwangu na ufagio mrefu umtoe buibui na wanawe wote, kwa amani, mpaka nje ya mpaka wa avenue.

b) Nipewe cheti kinachosema kwamba mama wa kibinadamu akishazaa, akalea na akasomesha, amemaliza, na haliwi.

c) Utangaze kwa megafoni kwamba mambo yanayofanyika kwenye matundu ya kuta si sheria ya avenue.

d) Kama cheti hakiwezekani, basi itolewe amri akina mama wote wa avenue tuliwe kwa zamu, kwa orodha, tukianza na Mama Chef, ili haki ionekane. Mimi sipendi upendeleo.

Nikitumaini kwamba macho yako yatafika mpaka mstari huu, nakuachia salamu zangu zilizokunjwa vizuri. Msalimie Mama Chef, na asichukulie vibaya kifungu d. Wasalimie watoto, wageni waliolala kwako, yule mbuzi wenu anayekula kamba za nguo, na jirani yako wa jenereta, mwambie tunamsikia.

Mimi mlalamikaji,
Léocadie Kaswera, mjane Sikuli

Nakala kwa taarifa: Padri wa parokia, Mama wa nyumba kumi, buibui mwenyewe (nimeibandika karibu na tundu).

P.S. Alhamisi. Papa Chef, usiguse ukuta. Asubuhi hii Achille amekuja jikoni, ameketi kwenye kigoda, anasema Jumapili alikuwa anatania tu. Yeye na Donatille wamepata nyumba ya kupanga Keshero, wanahama Jumamosi na mtoto wao. Amesema: "Mama, parcelle ni yako. Ukule vyako sasa, upumuzike." Nikamwambia ukweli wote: kikao cha Jumapili nimekiita mimi, baba mdogo nimemtumia nauli mimi, na jina la Achille nimekwisha kuliandika kwenye karatasi kwa mkono wangu, imebaki saini. Akanikumbatia. Akakataa. Akatoka kwenda kutafuta mtu wa kubeba kabati. Tangu saa tatu nimekaa mbele ya ukuta. Buibui amewaita wanawe, wote wamekuja, hakuna hata mmoja aliyesema amepata chumba Keshero, na ninamwonea wivu mpaka machozi yananitoka. Basi futa a, b, c na d. Andika amri moja tu, ipige muhuri pande mbili, umpelekee leo kabla hajapata mchukuzi: Achille arudi nyumbani, aje anile.