Cheti cha Sufuria

Siku ya pili ya mkutano wa ushirikiano wa biashara, baada ya chai ya saa nne, bibi mmoja wa forodha alipanda jukwaani kueleza habari za cheti cha asili ya bidhaa. Ukumbi mzima ukasinzia. Wajumbe walikuwa wamesifiana tangu jana yake, keki zimewajaa tumboni, na hakuna aliyebaki na nguvu ya kusikia kwamba bidhaa iliyotengenezwa ndani ya nchi za jumuiya huvuka mpaka bila ushuru, na iliyotoka mbali hulipiwa mpaka mwenyewe aone kizunguzungu.

Mtu mmoja tu alikuwa macho. Alikaa safu ya nyuma, suti ya kijivu, tai nyekundu, na kifuani kitambulisho alichokiokota chini ya meza ya vikombe. Kitambulisho kiliandikwa MJUMBE, na kwa kuwa hakikusema mjumbe wa nani, yeye hakuona haja ya kuuliza. Mjini walimwita Balozi. Serikali haikuwahi kumtuma popote, isipokuwa askari mmoja aliyemtuma sigara miaka ile, naye hakurudi.

Nimesema mmoja, kwa kweli walikuwa wawili. Wa pili alikuwa mfanyabiashara mnene aliyeguna kila bibi wa forodha alipotaja neno ushuru. Balozi alihesabu miguno mitano, kisha akahakikisha wanapanga foleni moja ya chakula cha mchana.

"Mheshimiwa, umeguna sana leo," alimwambia, akimpisha mbele.

"Nisigune vipi? Nina kontena zima la sufuria limelala kwenye yadi ya forodha. Ng'ambo ya mpaka wanazitaka kweli. Lakini nikizivusha kwa ushuru huo, bora nizigawe bure nipate thawabu."

"Na sufuria zenyewe zimezaliwa wapi?"

"Mbali. Zimekaa kwenye meli mwezi mzima."

Balozi akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti kama analinda siri ya taifa. "Ndugu yangu, wangapi humu ndani wamezaliwa kwingine na wana vitambulisho vya hapa? Sufuria nazo huandikishwa."

Bwana Kontena, ndivyo tutakavyomwita, aliacha kupakua chakula. Alikuwa mlafi lakini hakuwa mjinga, na hiyo ndiyo aina ya wateja inayowachosha matapeli. "Cheti cha kughushi sitaki," alisema. "Mwenzangu alighushi, sasa anakula chakula cha serikali. Nataka cha kweli, kigongwe muhuri mbele ya macho yangu haya mawili. Siku hiyo ndiyo utapata bahasha yako."

"Cha kweli ndicho kitakachokuja," Balozi akajibu, kwa utulivu wa mtu asiyejua kitatoka wapi.

Cheti cha kweli kilihitaji mkaguzi wa kweli, na mkaguzi wa kweli alihitaji kiwanda. Balozi alizunguka mji siku mbili akitafuta kitu chenye moshi. Siku ya tatu, nyuma ya gereji moja, alikuta karakana ya mabati yaliyotoboka ambako mama mmoja na mafundi wanne waliyeyusha vyuma chakavu, wakamimina uji wa moto kwenye kalibu za mchanga na kutoa sufuria nzito zenye picha ya njiwa kitakoni. Njiwa huyo alichongwa na marehemu mume wake kwenye kipande cha mti mgumu. Kila kalibu iligongwa kwa kipande hicho kabla ya kumiminwa, kwa hiyo njiwa alizaliwa pamoja na sufuria na hakuna tupa ya kumfuta. Ndiyo maana mama mwenyewe akaitwa Mama Njiwa.

Balozi alifika siku mbaya. Mama Njiwa alikuwa anapanga vifaa pembeni ili mnunuzi wa vyuma aje Jumamosi kuvibeba. Sufuria nyepesi kutoka mbali zilikuwa zimejaa madukani, za njiwa hazinunuliwi, na mafundi walikuwa hawana kazi ya kufanya isipokuwa kumwonea huruma tajiri wao. Alikuwa ameweka kila kitu kwenye rundo, ila kile kipande cha mti. Hicho alikuwa amekifunga kwenye kanga na kukiweka mapajani.

"Usiuze, mama," Balozi akasema. "Nahitaji karakana yako siku moja tu. Nitaitengeneza ipendeze, waje wageni, waondoke, kisha ubaki na matengenezo yako."

"Wageni gani hao, baba?"

Balozi akamweleza. Alikuwa na kipaji cha kueleza uovu mpaka ukafanana na huduma ya jamii. Alisema jumuiya, alisema soko la pamoja, alisema sufuria za ndugu mmoja zitapumzika hapa kwenye rafu kwa muda, kama zimetengenezwa hapa.

Mama Njiwa alisikiliza mpaka mwisho. Sufuria za aina hiyo alizijua vizuri. Ndizo zilizomfikisha kwenye lile rundo.

"Na fomu ya kuomba hicho cheti iko wapi?" aliuliza.

"Hii hapa, kurasa tisa. Usijisumbue nayo."

"Niachie. Shemeji yangu ana mwandiko mzuri."

Hapa lazima nimtetee Balozi kidogo. Kwake yeye karatasi ilikuwa pambo, kama tai. Alikuwa amesaini mikataba mingi maishani, na hakuna hata mmoja aliowahi kuuona asubuhi ya pili, kwa sababu asubuhi ya pili yeye mwenyewe alikuwa haonekani. Mtu wa namna hiyo hasomi fomu. Shemeji alipomletea zile kurasa tisa siku mbili baadaye, alikunja mikono ya shati, akatoa kalamu yake ya dhahabu ya bandia, akasaini kila palipowekwa alama ya msalaba, kwa mbwembwe, huku akizungumza na simu iliyokuwa imezimwa.

Mnunuzi wa vyuma akaambiwa asije Jumamosi. Badala yake lilikuja lori la Bwana Kontena na mabati mapya. Likaja tena na feni kubwa ya kupulizia tanuri, mizani, rafu za chuma, na aproni kumi za ngozi. Kila mara Bwana Kontena aliguna, na kila mara Balozi alimwambia, "Mheshimiwa, kiwanda hakiwezi kuvuja." Mwisho zikaja sufuria zake mia mbili zilizotolewa kwenye kontena, zinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu, zikapangwa rafuni.

Jumatatu mkaguzi akafika. Alikuwa mtu mwembamba wa miwani, mkoba kwapani, asiyecheka. Hakuja peke yake. Alifuatana na mwambata wa biashara kutoka ubalozi wa nchi jirani, mama mrefu aliyetaka kuona kwa macho yake huo ushirikiano uliosifiwa siku tatu hotelini, na mpiga picha wa gazeti. Balozi akafurahi. Bwana Kontena, aliyesimama mlangoni kama mteja wa kawaida, akafurahi zaidi.

Furaha ya Balozi ilidumu mpaka alipotupia jicho rafu. Sufuria zinazong'aa hazikuwapo. Zilikuwa uani chini ya turubai, na mahali pake zilikaa sufuria nzito, nyeusi kidogo, zimetulia.

"Mama," akanong'ona, "zile zetu ziko wapi?"

"Nimezitoa ili vumbi lisiziharibu, baba. Ngoja wageni wapite."

Mkaguzi akachukua sufuria moja, akaigeuza, akamtazama njiwa. Akachukua ya pili, njiwa. "Tengenezeni moja sasa hivi," akasema.

Mama Njiwa akafunga aproni. Shemeji akawasha feni ya Bwana Kontena, moto ukanguruma kuliko siku zote. Mama Njiwa akashindilia mchanga kwenye fremu, akafungua kanga, akagonga kile kipande cha mti mara moja tu. Uji wa chuma ukamiminwa, ukapoa, mchanga ukavunjwa, sufuria ikatoka na njiwa wake.

Mwambata wa nchi jirani akaigonga kwa kidole, ikalia vizuri. "Shule zetu zinapikia sufuria zinazotoboka kila muhula," akasema. "Mnaweza kutengeneza za ukubwa wa kulisha watoto mia?"

"Tunaweza," Mama Njiwa akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu Balozi amfahamu, akatabasamu.

Mkaguzi akafungua fomu. "Mtengenezaji ni mama huyu. Alama ni njiwa, kitakoni. Nimeridhika." Akatoa muhuri mkobani na kuugonga mbele ya macho mawili ya Bwana Kontena, kama yalivyokuwa makubaliano. Halafu akasoma kwa sauti kifungu cha mwisho: cheti kinahusu bidhaa zenye alama hiyo peke yake, na yeyote atakayekitumia kuvushia nyingine atafikishwa mahakamani.

Bwana Kontena alibadilika rangi. Mpiga picha akawapanga wote mstari mmoja na kuwaomba watabasamu.

"Zangu zina njiwa?" Bwana Kontena akauliza kwa meno, anatabasamu.

"Hazina," Balozi akajibu kwa meno yake, naye anatabasamu.

"Nitakuvunja mguu."

"Mbele ya mwambata?"

"Nitasubiri aondoke. Na mabati yangu?"

"Unaweza kuyadai, mheshimiwa. Utamwambia hakimu uliyaezeka kwa nia gani."

Picha ikapigwa. Kesho yake gazetini walionekana wameshikana mikono kama ndugu waliopotezana, juu yao maandishi makubwa kwamba ushirikiano umeanza kuzaa matunda.

Balozi alianza kurudi nyuma kuelekea uchochoro wa gereji. Alikuwa hodari wa kurudi nyuma. Alishaondoka hivyo kwenye sherehe nne za uchumba wake mwenyewe. Lakini mkaguzi alimwita.

"Wewe ndiye msimamizi wa uzalishaji?"

"Mimi ni… rafiki wa kiwanda."

"Umesaini hapa, ukurasa wa sita." Mkaguzi akasoma: msimamizi atakuwepo kiwandani kila siku ya kazi, ukaguzi wa kushtukiza utafanyika wakati wowote katika mwaka wa kwanza, asipokutwa, cheti kitafutwa, na aliyesaini atashtakiwa kwa kutoa maelezo ya uongo. "Ukurasa wa saba kuna nakala ya kitambulisho chako cha kweli. Jina hili ni lako?"

Lilikuwa lake. Shemeji alikuwa amekitoa kwenye koti lake lililoning'inizwa msumarini siku ya kusaini, akatoa nakala, akakirudisha. Balozi alimtazama Mama Njiwa kwa macho ya mtu aliyeibiwa sokoni na hajui alie wapi.

"Kwa nini umenifanyia hivi, mama?"

"Ulisema nisijisumbue na fomu, baba. Lakini mimi nanunua vyuma chakavu. Kitu chochote lazima nigeuze kwanza nitazame kitakoni." Akamkabidhi aproni moja kati ya zile kumi. "Tai uivue. Inashika moto."

Wapo watakaosema angekimbia tu. Angekimbilia wapi? Picha ile ilikuwa imebandikwa kwenye vibanda vya walinzi wa hoteli zote, nao walimsalimia kwa heshima: shikamoo bosi wa sufuria, leo umeleta ngapi? Hawezi mtu kutapeli mji unaojua anapofanya kazi. Na mtaani alikuwepo Bwana Kontena akimtafuta kwa ajili ya ule mguu. Karakana ndipo mahali pekee asipothubutu kuleta ugomvi, kwa kuogopa mkaguzi asiye na siku maalumu.

Miezi mitatu baadaye Bwana Kontena alichoka kuguna. Yadi ya forodha ilimtaka aondoe mzigo, ng'ambo hauvukiki, na hapa mjini watu sasa waligeuza kila sufuria kumtafuta njiwa. Akauuza wote kwa bei ya chuma chakavu, na mnunuzi pekee aliyekuwa na tanuri la kuumeza alikuwa Mama Njiwa. Oda za shule zilikuwa zimemlemea, na mafundi walikuwa wameongezeka mpaka aproni zote kumi zikapata wenyewe.

Asubuhi lile rundo linalong'aa lilipoanza kutiwa motoni, mkaguzi alitokea bila hodi. Alimkuta Balozi mbele ya tanuri, nyusi zimeungua, anakoroga kwa upawa mrefu.

"Hizi asili yake wapi?" mkaguzi akauliza, akionyesha rundo.

"Mbali sana, mheshimiwa," Balozi akajibu. Siku hizi alizijua kanuni kuliko bibi wa forodha. "Lakini kanuni inasema kitu kikiyeyushwa na kutengenezwa upya, asili yake ni pale kilipotengenezwa upya. Zikitoka humu, ni za hapa."

Mkaguzi akaandika. Kisha akamtazama yeye juu ya miwani. "Na wewe?"

Balozi alikuwa na majibu kumi na mawili ya swali hilo, yote matamu, na kila moja lilishawahi kumpatia chakula cha mchana. Akageukia tanuri, akaendelea kukoroga.

"Huyo mwache kwanza, mheshimiwa," Mama Njiwa akasema, akishindilia mchanga. "Bado yumo tanurini."