Nirudishie Ubovu wa Pikapu Yangu

Ndugu Fundi Mkuu wa Gereji,

YAH: KUDAI UBOVU WANGU

Natumaini u mzima, wewe na spana zako. Mimi si mzima. Nilikuletea pikapu aliyoniachia marehemu baba uifufue, wewe ukapitiliza: injini mpya, stata, vitasa, na rangi ya kijani kama siku ilipotoka kiwandani. Mtaa mzima unakusifu. Mimi nalalamika kama ifuatavyo:

1. Inawaka. Ufunguo mara moja tu, hiyoo! Zamani kila asubuhi kinyozi, fundi cherehani na mwalimu waliisukuma hadi kona, huku tukipeana habari. Sasa napita napunga mkono tu. Kinyozi kamwoza binti yake, mimi nimejua nilipoona viti vinarudishwa.

2. Haina kelele. Eksozi ya zamani ilisikika toka barabara kuu, nyumbani chai ikabandikwa. Siku hizi natokea ghafla. Juzi mama mkwe kanitandika mwiko, akidhani mwizi.

3. Hili ndilo linaloninyima usingizi: mlango wa abiria. Tangu tuoane haukufunguka kwa ndani, ikabidi nishuke, nizunguke, nimfungulie mama watoto. Mvua, jua, nazunguka. Yeye akajua ni heshima, akawatambia dada zake wote. Mimi nani nimkatalie? Wewe ukaweka kitasa kipya bila hata kuniuliza! Jumapili nilibaki nimeshika usukani. Akasubiri, akashuka mwenyewe, akasema mapenzi yamekwisha. Hatusemeshani tangu hapo. Jamani, fundi, umevunja ndoa kwa bisibisi!

Kwa heshima zote, njoo uharibu kitasa, utoboe eksozi, uue stata. Ukikataa nitakushtaki kwa shemeji zangu, ambao ni wengi na hawana dogo.

Nisalimie wote hapo gereji. Yule wa rangi mwambie kazi yake ni nzuri mno, ndiyo maana simpendi.

Ni mimi mteja wako, niliyetengenezewa kupita kiasi,
Mwenye Pikapu ya Kijani

N.B. Fundi, usiguse kitu! Mama watoto ameikuta barua hii mezani, kaisoma yote, kacheka hadi kakaa chini. Kumbe tangu wiki ya harusi alijua kwamba ukishusha kioo na kutoa mkono nje, ule mlango ulifunguka vizuri tu. Alikuwa anakaa kusudi. Sasa hivi yumo ndani ya pikapu hapo uani, kitasa kipya kinafanya kazi, na hashuki. Ngoja nizunguke.