Daktari wa Misumeno

Mtu mwenye njaa ya kawaida husikiliza tumbo lake. Daktari alisikiliza mashine za watu. Jumatatu asubuhi alikuwa amesimama kwenye kona ya mtaa wa maseremala, viatu vyake vipya vyenye ncha vikimeta, aliposikia msumeno wa umeme ukilia ndani ya karakana moja. Ulianza kwa kelele, ukakohoa, ukazima. Kisha wakasikika watu wawili wakigombana. Daktari alitabasamu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Udaktari wenyewe, tuseme ukweli, hakuusomea popote. Shahada yake ilikuwa koti jeupe, miwani ya vioo vitupu, na kile chombo cha kusikilizia moyo ambacho hospitali fulani inakitafuta mpaka leo. Kazi yake ilikuwa kumshawishi seremala kwamba msumeno unaoumwa umekwisha kufa. Akishauchukua, anautia kaboni mbili, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye mota na ambavyo bei yake haizidi mkate, anaupaka rangi, anautia ndani ya boksi, na kumuuzia seremala mwingine kama mpya. Boksi lilikuwa moja tu. Kila mteja aliambiwa kwamba boksi hurudi kampuni, na kila mteja, Mungu awasamehe, aliamini.

Wiki ile alihitaji msumeno kama mtu anavyohitaji hewa. Mkandarasi mmoja, pande la mtu waliyemwita Nondo, alikuwa amempa arbuni ya msumeno mkubwa, mpya, wa kukabidhiwa Alhamisi saa sita mchana. Arbuni hiyo ndiyo ile iliyokuwa ikimeta miguuni mwake. Mtu wa mwisho kumdanganya Nondo alihama mji na hakurudi kuchukua hata godoro. Naye Daktari alikuwa na msumeno mmoja tu, mdogo, mchovu, ambao mota yake ilishaanza kunuka.

"Hodi wenyewe! Daktari wa misumeno nimefika!"

"Karibu," alisema kijana mmoja aliyevaa saa kubwa kuliko mkono wake. Alikuwa shemeji wa mwenye karakana. "Umekuja wakati mzuri, bwana. Mwambie huyu shemeji yangu tununue mpya."

"Na mimi nasema unatengenezeka," alijibu mwenye karakana, mjane aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Fremu. Penseli ilikuwa imechomekwa nyuma ya sikio lake. "Kaka yako aliutumia miaka kumi na mmoja, haukumwangusha. Ijumaa nakabidhi fremu arobaini. Nikishindwa, tunafunga mlango huu, na wewe utauza hiyo saa."

"Kumi na mmoja!" Daktari alijishika kifua. "Mama, hiyo si mashine tena, ni mzee wa ukoo. Mwacheni apumzike."

Akavaa miwani, akaweka chombo chake juu ya mota, akafumba macho.

"Vuta pumzi," aliuambia msumeno.

Shemeji akavuta yeye.

Daktari alichukua bisibisi, akafungua vifuniko viwili vya ubavuni, akazitoa kaboni, akazitazama, akasikitika kwa ulimi, kisha akafunga. Moja ilirudi mahali pake. Nyingine iliteremka ndani ya mkono wa koti.

"Haya, washeni."

Msumeno haukukohoa hata mara moja.

"Mnaona? Nimeugusa tu, umekata roho. Kuutengeneza huu ni kumnunulia maiti dawa. Niachieni mzoga, niwaletee mpya, mnaongeza kidogo."

"Nilisema mimi!" alisema shemeji. Hakika kuna watu Mungu aliwapa masikio ili miwani ipate pa kukaa tu.

Mama Fremu alimtazama Daktari kwa muda, halafu akautazama mkono wa koti. "Na huo mpya ukinisumbua?"

"Siku tatu za kujaribu, mama yangu. Ukileta tatizo lolote, unarudisha, nakubadilishia palepale kwa ulio ndani ya boksi. Hiyo ndiyo garantii."

"Basi nyongeza nitalipa Alhamisi, nikiridhika. Andika hayo maneno."

Kwa kawaida Daktari alidai chake papo hapo, na kabla ya siku ya tatu alishahamia mtaa mwingine. Lakini safari hii alikuwa na haraka ya kuupata mzoga, na kibandani kwake angekuwepo tu, akimngoja Nondo. Mwanamke mwenyewe angemsumbua nini? Karatasi haikuwepo. Mama Fremu alimpa kipande cha ubao na ile penseli ya sikioni, naye akaandika garantii yake kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi yenye mikia mitatu. Mchana huohuo akamletea ule mdogo, akiwa ameupaka rangi, akaondoka na mzoga na boksi lake.

Kwa siku mbili Daktari alifanya jambo ambalo lingemwaibisha mbele ya wajanja wenzake: alifanya kazi. Ule msumeno wa marehemu ulikuwa mzuri kweli, na Nondo hakuwa mtu wa kupewa takataka. Akautia kaboni mpya, beringi mpya, waya mpya, diski mpya yenye meno makali. Akautoa unga wa mbao kwa mswaki wake mwenyewe. Akaupaka rangi ya kijani, akaulaza ndani ya boksi.

Mama Fremu naye alikuwa akijaribu. Alijaribu tangu alfajiri mpaka jua linazama, kwenye mbao ngumu kuliko zote alizokuwa nazo.

"Shemeji, utaungua huo!" alilalamika kijana, jasho likiingia ndani ya saa.

"Si najaribu? Shika ubao."

Jumatano jioni fremu ya arobaini ilikatwa kipande chake cha mwisho. Msumeno ukatoa moshi, ukanyamaza moja kwa moja.

Alhamisi saa sita, Nondo alikuwa kibandani, ameutoa msumeno wa kijani ndani ya boksi, ameushika, anacheka kwa furaha. Mara akatokea Mama Fremu na ubao wake. Nyuma yake shemeji alibeba msumeno ulioungua, na nyuma ya shemeji walikuja maseremala kadhaa wasiopenda kupitwa.

"Garantii," alisema Mama Fremu. "Nabadilishiwa kwa ulio ndani ya boksi."

"Mama, huu ni wa mteja huyu. Rudi kesho..."

"Geuza huo msumeno, baba," Mama Fremu alimwambia Nondo. Akakwangua rangi chini ya kishikio kwa ukucha. Ikatokea alama ya msumari wa moto. "Hiyo aliipiga mume wangu." Akamgeukia Daktari. "Sasa chagua. Kama huu ni mpya, ni badala ya ule ulioungua, umeandika mwenyewe. Kama si mpya, ni wangu, na utamweleza huyu bwana ulitaka kumuuzia nini."

Daktari alimtazama Nondo. Nondo alikuwa hacheki tena.

"Ni... ni mpya," alisema kwa sauti ndogo. "Chukua, mama."

"Asante. Siku ile zilitoka kaboni mbili, ikarudi moja. Mimi nahesabu misumari tangu niolewe, kaboni itanipita?"

Akaondoka na msumeno wake. Nondo alibaki.

"Na wangu?"

Daktari akakumbatia ule ulioungua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akahubiri upande wa pili. "Huu unatengenezeka, bosi! Watu wana haraka ya kutupa vitu, ni dhambi. Nipe wiki moja tu..."

Nondo alimvua kile chombo shingoni, akakivaa, akamwekea kifuani. Akasikiliza bila haraka.

"Bado unapiga," alisema. "Vua viatu kabla haujaacha."

Hivyo ndivyo Daktari alivyopita mtaa wa maseremala mchana ule, peku, akichagua pa kukanyaga kati ya misumari. Kwa Mama Fremu msumeno ulikuwa ukiimba, laini, bila kukohoa. Daktari alisimama akausikiliza, maana hilo sikio alikuwa nalo kweli. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya kwa mikono yake, na aliifanya bure.