Naomba Kuongezewa Kovu

Kwa Daktari wa Magoti,
Chumba cha mwisho, baada ya ule mlango unaojifunga wenyewe kwa kishindo,
Hospitalini kwenu.

Daktari mwanangu,

YAH: MAOMBI YA KUONGEZEWA KOVU LA GOTI LA KULIA, ANGALAU LIFIKE UREFU WA KIGANJA

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, kwa sababu najua una haraka.

Mimi ni yule bibi wa goti la kulia uliyemkataza kuhesabu nyundo. Shule sikuingia hata kuchungulia, kwa hiyo maneno ni yangu na mwandiko ni wa mzee wangu, tarishi mstaafu. Nimemwapisha asiongeze wala asipunguze neno, hata pale atakapotajwa. Na atatajwa.

Daktari, goti ulilonipa ni zuri. Linakunjika, linakunjuka, halilii kama bawaba. Hapo ndipo penye malalamiko yangu. Umenikata kidogo mno na umeniponya upesi mno, na sasa kila kitu kizuri nilichokipata kwa kuumwa kinaniponyoka mikononi. Kwa heshima zote naomba unirudishe mezani uniongezee mkato. Kama kisu chako kina shughuli, basi niandikie karatasi yenye muhuri, iseme kwamba mimi bado ni mgonjwa, na nitaendelea kuwa mgonjwa mpaka nitakapoamua mwenyewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Maandalizi niliyoyafanya hayalingani na mkato nilioupata.

Muuguzi wenu alitukusanya wenye magoti mabovu akatuambia tujiandae. Tukunje mazulia yasitutege, tuweke kiti bafuni, tung'oe jino bovu lisije likapeleka uchafu kwenye goti jipya, tunyooshe mapaja kitandani kama watoto wachanga. Nikatii yote. Mwanangu mchomeleaji akakiongezea miguu ya chuma kiti changu cha sebuleni ili nisipate tabu kuinuka, kikawa kirefu mpaka nikikaa naona juu ya ukuta kwa jirani wanakula nini.

Nami kwa kuwa mtu hajui kesho, nikaongeza maandalizi yangu mwenyewe. Niliomba msamaha kwa watu wote. Nilimwomba msamaha hata wifi yangu, kwa kosa alilolitenda yeye. Akalia, nikalia, tukakumbatiana mlangoni, majirani wakafuta machozi. Daktari, msamaha ule ulikuwa wa mtu anayekwenda kufa. Haukuwa wa mkato wa urefu wa kidole! Sasa wifi anaingia kwangu bila hodi, anafunua masufuria, ananiita "dada yangu wa roho", na siwezi kumnunia kwa sababu nilitamka mbele za watu kwamba yamekwisha. Ule ulikuwa ugomvi wangu mwenyewe, nimeulea tangu ungali mchanga. Nani atanirudishia?

2. Sikupewa nafasi ya kuumwa kwa heshima.

Mlinichoma sindano ya mgongo, nikalala huku niko macho. Nikasikia msumeno. Nikasikia nyundo, nikaihesabu kwa sauti mpaka ukanikataza. Nikasema moyoni, leo nimeingia kwa seremala, hapa nitatoka na kovu la kuwahadithia vitukuu. Kumbe! Ulinieleza baadaye, tena ukitabasamu, kwamba misuli hukuikata, uliisogeza tu pembeni "kama mtu anayefungua pazia". Pazia, Daktari! Goti nililobebea mimba, ndoo na misiba, limetolewa kwa kupitia dirishani kama redio ya wizi.

Na jioni ileile yule binti wa mazoezi ya viungo akaja na chuma chake cha miguu minne. "Bibi, inuka twende." Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hata maiti hupumzishwa kidogo." Akasema, "Maiti haibishani, Bibi. Mguu mbele." Nikatembea mpaka dirishani na kurudi. Wagonjwa wenzangu wakanipigia makofi. Sikuja pale kupigiwa makofi. Nilikuja kuhurumiwa.

3. Nimeaibika mbele ya wageni.

Mtu akija kumjulia hali mgonjwa hataki habari, anataka kuona. Nikawa nafunua goti. Wanatazama. Halafu wananiuliza, "Ehe, na kwingine?" Hakuna kwingine! Jirani yangu mshonaji alipasuliwa zamani kwa mkato mkubwa, ana kovu kama zipu ya begi la safari. Siku aliyokuja alivaa miwani, akainama mpaka pua ikagusa bandeji, akasema, "Shoga, una uhakika? Mie naona hapa umeng'atwa na mbu." Watu wakacheka, chai ikawatoka puani. Tangu siku hiyo anayetaka kujua habari za magoti anakwenda kwake, kukaa miguuni pake na kusimuliwa, na goti lililo jipya ni langu mimi.

4. Chakula chenu hakina chumvi. Jambo hili halihusiani na kovu, lakini maadamu kalamu iko wazi nalisema.

5. Watoto wananikimbia.

Kifungua mimba wangu alifunga saluni yake akaja kuniuguza. Akanisuka, akanikogesha, akanivisha zile soksi zenu za kubana, kazi ya watu wawili na dua. Akaweka barafu gotini, akaketi miguuni pangu, tukawasema watu wote tunaowafahamu. Raha iliyoje! Siku bandeji ilipotoka akalitazama kovu, akanitazama usoni. "Mama, hiki ndicho kilichonifungia saluni?" Kesho yake akafungasha. Mchomeleaji naye kaja kupima ile miguu ya kiti changu kwa macho. "Mama, si umeshapona? Hivi vyuma vina mteja." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi si mgeni, niko kwangu, na mwiko nimeshakabidhiwa.

Lakini hayo ningeyavumilia. Watoto wana maisha yao, na kiti nitakaa hata cha chini. Lisilovumilika ni hili linalofuata. Hapa mwandishi wangu amekohoa. Nimemwambia atakohoa akimaliza.

6. Unanirudisha nyuma ya mume wangu.

Mzee wangu alikuwa tarishi wa kutembea kwa miguu, na kasi ile haikuachwa kazini. Tangu tulipooana yeye huenda mbele, mimi nafuata. Harusini hufika, akakaribishwa, akala, akanawa, ndipo mimi naingia, watu wananong'ona, "Huyu mama kaja na nani?" Kisogo chake nakijua kuliko uso wake. Ukiniwekea visogo vya wanaume mia nitakuchagulia kilicho changu, lakini uniulize macho yake yana rangi gani, nitakuomba nikajibu kesho.

Sasa siku ya kutoka hospitali yule binti wa mazoezi alimshika bega akamwambia, "Babu, atembee asubuhi na jioni. Wewe uwe ubavuni, umshike mkono, usimwache." Mzee wangu ni mtu wa maagizo. Ukimwambia fikisha, anafikisha. Akanishika mkono.

Daktari, mimi nina wajukuu, lakini siku ile nilitazama chini kama mwari.

Tukawa tunatoka mlangoni, tunapita kwa fundi viatu, mpaka kwenye nguzo ya umeme iliyobandikwa tangazo la mwalimu wa hisabati. Pale hunisimamisha, akalisoma tangazo lote kwa sauti, na ameshalijua kwa moyo. Kisha tunarudi. Na njiani anazungumza! Amenionyesha nyumba iliyokuwa na mbwa aliyemrarulia suruali. Ile suruali niliishona mimi, akaniambia ilinasa kwenye baiskeli. Amenionyesha mlango wa mzee mmoja ambaye hakuwahi kupata barua hata moja, naye alikuwa akibisha hodi pale hivyohivyo, amwambie, "Leo hakuna, labda kesho," ili naye awe mtu anayesubiri. Miaka yote ile, Daktari, na nilikuwa sijui. Ningejuaje? Mtu haongei kwa kisogo.

Tena anakwenda polepole, taratibu kuliko hata mimi, mpaka siku nyingine namvuta. Sikujua kama ana adabu kiasi hicho.

Basi majuzi tumekuja kliniki, yule binti akanikunja, akanikunjua, akasema, "Bibi, umepona. Fimbo weka ndani, na Babu apumzike, huhitaji tena mkono wa mtu." Nikakutazama wewe, nikitegemea utanitetea. Ukatikisa kichwa kukubali. Kwa kutikisa kichwa tu umeninyang'anya mume.

7. Kwa hiyo maombi yangu rasmi ni haya.

Ongeza kovu. Likiwa refu, wageni watarudi, watoto watarudi, mshonaji atanyamaza. Kama sheria hairuhusu kulikata goti moja mara mbili, basi lipo la kushoto. Halina ugonjwa wowote lakini liko tayari kujitolea. Na kama hilo nalo haliwezekani, niandikie ile karatasi. Maneno yake nimeshayatunga ili usihangaike: "Mgonjwa huyu ashikwe mkono asubuhi na jioni, maisha yake yote, na anayemshika asimtangulie." Muhuri uwe mkubwa, mzee wangu anaogopa mihuri.

Ukikataa yote, nitalirudisha goti lenu, nanyi mnirudishie langu la zamani. Natumaini hamkulitupa. Lilikuwa linauma, lakini lilikuwa na watu.

Nisalimie muuguzi wa maandalizi, mwambie jino nililong'oa lilikuwa zima, tulikosea, lakini simdai. Nisalimie binti wa mazoezi, nampenda ingawa ndiye adui yangu. Nisalimie anayedeki ile korido, yeye peke yake ndiye aliyenipa pole kwa sauti inayotakiwa. Nisalimie na yule mama wa kitanda cha pembeni anayekoroma. Mwambie nyumbani kwangu ni kimya, nimemkumbuka. Wewe mwenyewe kula, umekonda.

Ni mimi mwenye goti lako,
Bibi wa Nyundo
(dole gumba la mkono wa kulia)

Nyongeza:

Daktari, usianze kunoa kisu. Haya yanaandikwa tukiwa kwenye benchi, nje ya mlango wako.

Barua tumeileta wenyewe, maana mzee wangu amesema tarishi hampi mtu mwingine barua. Kwa kuwa karatasi yenye muhuri bado sina, mkono hakunishika, nami sikumwomba, nina kiburi changu. Nikatembea. Goti lako nalo likatembea, tena lilikuwa na haraka kama limeitwa. Nilipofika kwenye nguzo ya mwalimu wa hisabati nikageuka nimwambie neno. Sikuona mtu.

Alikuwa nyuma kule, kwa fundi viatu, amejiegemeza ukutani, anajifanya anauliza bei ya soli. Daktari, kisogo kilichokuwa kinatazamwa leo ni changu.

Nikarudi. Nikamuuliza, "Goti gani?"

Akatazama viatu vya watu. Kisha akasema, "La kushoto."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya lako."

"Na umenyamaza, mzee mzima?"

"Tungelazwa wote wawili," akasema, "wewe angekushika nani?"

Fundi viatu akaacha kugonga, akajitia kutafuta gundi. Kumbe tangazo lile halikuwa tangazo, alikuwa anapumzika. Na polepole ile niliyoiita adabu yalikuwa maumivu. Mkono niliodhani ananishika, tulikuwa tunashikana.

Hapa ameweka kalamu chini. Nimemwambia aiokote, barua haijaisha.

Basi yale yote niliyosema juu ya kovu, chana. Mkato mdogo ni mzuri. Mkate yeye kidogo kuliko ulivyonikata mimi, pazia lifunguliwe nusu tu, na mshonaji akitaka kucheka acheke, nitamsogezea kiti asikie vizuri. Yule binti wa mazoezi amwinue jioni ileile, asisikilize hoja zake. Vile vyuma vya kiti nitamwambia mchomeleaji mteja wake nimempata humuhumu ndani. Wifi atanisaidia jikoni. Bahati yangu sikuwahi kumnunia tena, Mungu anajua kupanga. Ila chumvi nimesema, na chumvi nasisitiza.

Ile karatasi iandike vilevile nilivyoitunga, usibadilishe neno. Jina tu ndilo uweke lake.

Ukimaliza na huyo mgonjwa uliye naye, fungua mlango, tupo. Na usishangae ukiona dole gumba la mara hii ni la mkono wa kushoto. Wa kulia una kazi.